Studio ilikoroma miezi mitatu, kumbe ni waya: uzi wa kuunganisha vifaa vya sauti (analogi, dijitali na MIDI)

Gunia_la_Waya (mwanzisha uzi)

Mwangaluka wakuu.

Uzi huu nimewaahidi vijana fulani wanaonipigia simu kila Jumamosi usiku, "kaka, studio inakoroma, nifanyeje?" Nimeona niandike mara moja, niwe nawatupia linki tu. Ni mrefu. Mwenye haraka apite, mwenye studio chumbani avute kigoda.

Mimi niko Nyakato, hapa Mwanza. Studio yangu ni chumba kimoja, magodoro ukutani, dirisha limezibwa mbao. Narekodi kwaya zaidi, na siku hizi vikundi vya ngoma za Kisukuma. Bongo fleva ikija siifukuzi. Vifaa nilivinunua kwa mkupuo kwa jamaa aliyekuwa anafunga studio yake: mikisa, saundi kadi yenye tundu za mwanga, priampu (kikuza mawimbi) ya maiki nane, kinanda cha zamani chenye MIDI ya pini tano, na moduli moja ya sauti isiyo na vitufe vya kupiga. Juu yake akanipa gunia la waya. Gunia kweli, lile la mchele.

Lile gunia ndilo lililonitesa. Sheria yangu ilikuwa moja: kikiingia, ndicho chenyewe. Kichwa kikikaa kwenye tundu, nasonga mbele. Matokeo yake studio ilivuma "mmmmm" miezi mitatu. Nililaumu friji ya mwenye nyumba, nikalaumu transfoma ya mtaani, nikamlaumu jirani anayechomelea mageti. Kidogo niuze mikisa kwa bei ya kutupa.

Mwishowe nikamwita mzee mmoja aliyefunga vyombo vya makanisani miaka mingi. Hakugusa kitu. Alikaa kwenye stuli, akashika waya mmoja akaniuliza, "Huu unabeba nini?" Nikajibu, sauti. Akacheka. "Sauti haipiti kwenye waya mwanangu, sauti inapita hewani. Humu kuna nini?"

Sikuwa na jibu. Leo ninalo. Kwenye studio waya unabeba kimojawapo kati ya vitatu: umeme unaopanda na kushuka kufuata umbo la sauti (hiyo analogi), tarakimu (hiyo dijitali), au amri tupu (hiyo MIDI). Balaa ni kwamba vichwa vinafanana. RCA, kile kichwa cha deki, inaweza kubeba analogi au tarakimu. XLR, kile cha maiki, hivyo hivyo. Ile jeki ndogo ya milimita 3.5 siku hizi inabeba hata MIDI. Ukiangalia kichwa tu, umeliwa.

Naanza na analogi maana ndiko wengi tunakoungua. Nitaendelea kwenye komenti, umeme wenyewe wa leo hauaminiki.

---

Sato_Mkavu

Naweka kambi hapa. Mkuu usitukimbie katikati kama wale wengine.

---

Gunia_la_Waya

Twende.

ANALOGI. Waya wa maiki, XLR, una pini tatu. Pini 1 ni ethi, 2 ni chanya, 3 ni hasi. Kwa nini tatu wakati gitaa linatosheka na mbili? Sauti inasafirishwa mara mbili, kwenye pini 2 ikiwa wima na kwenye pini 3 ikiwa imepinduliwa juu chini. Uchafu wa njiani, wa taa, wa chaja, wa welding ya jirani, unaingia kwenye nyaya zote mbili kwa namna moja. Kifaa cha mbele kinaipindua ile ya pili na kuijumlisha na ya kwanza. Sauti zinaungana, uchafu unafutana. Hiyo ndiyo inaitwa balansi, na ndiyo maana waya wa maiki unaweza kutoka madhabahuni hadi mlangoni bila kukoroma.

Jeki nene ya milimita 6.35 ipo ya aina mbili. Yenye pete mbili nyeusi ni TRS, inaweza kubeba balansi: ncha ni chanya, pete ni hasi, shina ni ethi. Yenye pete moja ni TS, ya gitaa na vinanda vingi, haina balansi. Kwangu nilikuta nimeunganisha mikisa na spika kwa waya za gitaa, za mita sita kila moja, zimepita juu ya ekstensheni ya umeme. Huo si waya tena, ni antena.

Sasa kitu kilichoniaibisha mbele ya kwaya nzima. Nilichukua TRS, nikatoa sauti kwenye tundu la hedifoni la mikisa, nikaingiza kwenye tundu la balansi la saundi kadi. Kichwa kilikaa vizuri. Kubonyeza kusikiliza, kwaya ipo, ngoma zipo kwa pembeni, lakini dada aliyekuwa anaongoza hayupo! Amebaki mwangwi wake tu, kama mtu anayeimba ng'ambo ya mto. Dada wa watu akaniangalia, mi nikaiangalia mikisa.

Sababu: tundu la hedifoni linatoa kushoto kwenye ncha na kulia kwenye pete. Tundu la balansi halijui habari hiyo, lenyewe linapindua kilicho kwenye pete na kujumlisha. Chochote kilicho sawa kushoto na kulia, yaani aliyekaa katikati, kinafutwa kama uchafu. Mashine ilifanya kazi yake vizuri kabisa. Mjinga alikuwa mimi.

La pili ni ukubwa wa mawimbi. Vifaa vya studio vinazungumza kwa +4 dBu, ambayo ni kama volti 1.23. Redio za nyumbani na deki zinazungumza kwa -10 dBV, kama volti 0.32. Tofauti inakaribia desibeli 12, karibu mara nne kwa volti. Ukiingiza deki kwenye tundu la studio unapata sauti ya mtu aliyelala, ukipandisha geini unapandisha na mchakacho. Ukifanya kinyume inapasuka. Saundi kadi nyingi zina swichi au menyu ya kuchagua. Tafuta kwanza kabla hujamtukana aliyekuuzia.

---

Mwana_Igoma

Mkuu mimi mvumo niliumaliza kirahisi sana. Nilikata ule mguu mrefu wa ethi kwenye plagi ya mikisa. Kimya mpaka leo. Jaribuni.

---

Gunia_la_Waya

Kaka, naomba leo hii ununue plagi mpya. Sitanii.

Ule mguu ndio njia ya umeme kutorokea siku kitu kikilegea ndani. Ukiukata, bodi ya mikisa inaweza kukaa na volti 230 ikimsubiri mtu. Anakuja mpiga gitaa, vidole vyake viko kwenye nyuzi zilizoungwa kwenye ampu yenye ethi, anasogeza midomo kwenye maiki iliyoungwa kwenye mikisa yako. Umeme unapita kwenye midomo. Watu wamekufa hivyo majukwaani.

Mvumo wako unatoka hivi. Mikisa iko kwenye soketi ya ukuta huu, laptopu na chaja yake kwenye soketi ya ukuta ule. Kila kimoja kina njia yake ya ethi, halafu wewe umeviunganisha tena kwa waya wa sauti. Umetengeneza mzingo. Umeme wetu unacheza mara 50 kwa sekunde, basi ule mzingo unakuimbia herzi 50 na jamaa zake 100 na 150.

Kipimo cha sekunde tano: chomoa chaja, acha laptopu itumie betri. Mvumo ukikatika, umemshika mwizi. Dawa yake: vifaa vyote vya sauti kwenye chanzo kimoja cha umeme, balansi kila panapowezekana, na pale pasipowezekana weka boksi la DI (kisanduku kinachogeuza mawimbi yasiyo na balansi kuwa ya balansi) lenye swichi ya kuinua ethi. Swichi hiyo inakata ethi ya waya wa sauti peke yake, ya umeme inabaki palepale ikikulinda.

Kwangu ilikuwa mzingo huo pamoja na zile waya za gitaa. Nilivyohamisha plagi ya laptopu na kuweka TRS kwenye spika, chumba kikanyamaza hadi nikasikia saa ya ukutani. Nilikuwa sijui kwamba ile saa inagonga.

---

Dada_wa_Kinanda

Shikamooni wakubwa, na wadogo mambo. Swali kabla hujaenda dijitali. Ile volti 48 ya mikisa, nikiiwasha na maiki za kawaida za kuimbia zimeunganishwa, ninaziua?

---

Gunia_la_Waya

Hapana dada. Volti 48 inapanda kwenye pini 2 na 3 kwa usawa, kwa hiyo maiki ya dainamiki, hizo za kawaida za kuimbia, yenye waya mzima wa balansi haioni kitu. Maiki za kondensa ndizo zinazoihitaji. Wa kuogopa ni wenye maiki za riboni, hasa za zamani, na waya mbovu. Na usichomeke wala kuchomoa maiki ikiwa imewaka, na spika ziko juu. Zima, subiri kidogo, ndipo uchomoe.

DIJITALI sasa.

Humu hakuna wimbi, ni tarakimu zinazokimbia. S/PDIF, jina limetokana na Sony na Philips, inabeba chaneli mbili. Inapita kwenye RCA au kwenye waya wa mwanga. AES3, ambayo wazee wanaiita AES/EBU, ipo tangu 1985 na inapita kwenye XLR, nayo ni chaneli mbili. ADAT ilitoka kwa Alesis, inabeba chaneli nane kwenye waya mmoja wa mwanga ukiwa kHz 48, yaani sauti inapimwa mara 48,000 kwa sekunde, na kila kipimo kinaitwa sampuli. Ukipanda kHz 96 zinabaki nne.

Ona mtego. Waya wa S/PDIF wa RCA unatakiwa uwe wa omu 75. Waya wa RCA wa deki, ule mwekundu na mweupe, unafanana nao kama mapacha. Ukiwa mfupi unaweza kufanya kazi, ukirefuka tarakimu zinaanza kuanguka njiani, na tarakimu ikianguka haivumi kama analogi: inadunda "tk", inakatika, au kimya. AES3 nayo inataka omu 110, wewe unachukua waya wa maiki. Mita mbili inapita, mita 20 unaanza kuwalaumu walimwengu.

Waya wa mwanga hauna shida ya ethi kabisa maana ni plastiki inayopitisha taa nyekundu. Mzingo hauwezi kupita hapo, na kwa hilo peke yake naupenda. Lakini tundu lile lile moja linaweza kuwa S/PDIF ya chaneli mbili au ADAT ya nane, kutegemea ulichochagua kwenye menyu. Waya ni ule ule. Upande mmoja ukisema ADAT na mwingine S/PDIF, hawaelewani.

Halafu kuna SAA. Hapa ndipo nilipoharibu kazi ya watu.

Kikundi cha ngoma kilitoka Sengerema, watu kumi na wawili na ngoma zao kwenye Hiace. Nilitumia ile priampu ya maiki nane, ADAT kwenda saundi kadi. Tulirekodi siku nzima. Usiku nasikiliza, kila baada ya sekunde chache "tk". Halafu "tk tk". Nikidhani ni ngozi ya ngoma. Nikaisogeza karibu kwenye skrini, nikakuta wimbi limekatwa wima kama limepigwa panga.

Priampu ilikuwa inahesabu kHz 48 kwa saa yake, saundi kadi inahesabu kHz 48 kwa saa yake. Zote 48 kwa maandishi, lakini hakuna saa mbili duniani zinazolingana. Moja inatangulia kidogo, sampuli inakosa nafasi, inadondoka.

Wasukuma mtanielewa haraka kwa bugobogobo, ngoma yetu ya majembe. Majembe yanapanda na kushuka pamoja kwa sababu anayeongoza ngoma ni mmoja. Weka wapiga ngoma wawili shambani, kila mtu na mwendo wake, uone watu watakavyokatana vidole vya miguu.

Kwa hiyo: kifaa kimoja tu ndicho masta, wengine wote wanafuata. Priampu yangu ndiyo inatuma tarakimu, basi nimeiweka masta, na saundi kadi nimeiambia ifuate saa inayotoka ADAT. Ukiwa na vifaa vingi, kuna waya wa saa peke yake, wenye kichwa cha BNC cha kuzungusha, omu 75. Huo haubebi sauti hata chembe, unabeba mdundo tu.

Wale wa Sengerema niliwarudisha kwa nauli yangu. Hiace kwenda na kurudi, na chakula. Somo lile lina risiti.

---

Prodyuza_Chumbani

Hapo kwa saa umeniua. Mi miaka miwili najua ni laptopu imechoka, nimeshaifomati mara tatu 😂

---

Dada_wa_Kinanda

Asante kwa jibu la mwanzo kaka. Sasa kilichonileta. Nina kinanda chenye MIDI, nimekiunganisha na laptopu. Nikipiga noti moja inalia mara mbili, kama mtu anayenifuata nyuma. Na jana noti moja ilikataa kunyamaza mpaka nikazima kila kitu.

---

Gunia_la_Waya

Umeniwahi, nilikuwa naelekea huko.

MIDI. Januari 1983, kwenye maonesho ya vyombo vya muziki ya NAMM kule Marekani, waliunganisha vinanda viwili, Prophet-600 ya Sequential Circuits na Jupiter-6 ya Roland, kampuni mbili zinazoshindana, ukipiga hiki na kile kinalia. Walioisukuma zaidi ni Dave Smith wa Sequential na Ikutaro Kakehashi wa Roland, na mwaka 2013 walipewa Grammy ya ufundi kwa kazi hiyo. Mpaka leo kinanda cha miaka hiyo kinaongea na laptopu ya jana. Nitajie kingine cha mwaka 1983 chenye tabia hiyo.

Waya wa MIDI haubebi sauti. Rudia mara tatu. Unabeba amri: "noti 60, bonyeza, kwa nguvu 90," halafu "noti 60, achia." Kuna watu wanaunganisha kinanda na moduli kwa MIDI, wanakaa kusubiri sauti kwenye spika. Amri imefika kwenye moduli, moduli inalia humo ndani, ila hujaiwekea waya wa sauti kwenda mikisa. Unamtuma mtoto dukani bila hela halafu unasubiri sukari.

Mwendo wake ni biti 31,250 kwa sekunde. Amri moja ya noti inachukua kama milisekunde moja kupita. Kwa hiyo mkisikia sauti inachelewa mnapopiga, mara nyingi si MIDI, ni bafa ya programu, yaani fungu la sampuli inalolikusanya kabla ya kulitoa. Ishusheni hadi sampuli 128 mkirekodi, ipandisheni mkimiksi.

Pini ni tano lakini zinazofanya kazi ni 4 na 5, na 2 ni kinga. Urefu usizidi mita 15. OUT ya huyu inakwenda IN ya yule, OUT kwa OUT ni watu wawili wanaoongea kwa pamoja. THRU inanakili kilichoingia IN na kukipitisha kwa wa tatu. Chaneli ni 16 kwenye waya mmoja: kinanda kikituma kwenye 1 na moduli ikisikiliza kwenye 5, kimya.

Kitu ninachokipenda kwenye MIDI: ndani ya tundu la IN kuna kidude kidogo chenye taa na jicho. Umeme unawasha taa, jicho linaona, ujumbe umevuka bila nyaya kugusana. Waliofikiria mzingo wa ethi mapema ni hao. USB haina huruma hiyo, ndiyo maana kinanda kile kile kinaweza kukoroma ukikiunga kwa USB na kunyamaza ukikiunga kwa pini tano.

Sasa jibu lako dada. Noti mara mbili: kinanda kinajipiga chenyewe, na wakati huo huo laptopu inakirudishia amri ile ile. Ingia kwenye menyu ya kinanda, tafuta Local Control, izime. Noti isiyonyamaza: amri ya "achia" ilipotea njiani, labda waya ulicheza. Programu nyingi zina kitufe cha Panic, kinatuma amri ya kunyamazisha noti zote. Huna haja ya kuzima nyumba nzima.

Na mwenye ule waya wa bei rahisi wa USB wenye vichwa viwili vya MIDI: ukiona kimya, badilisha vichwa. Maandishi yake yanachanganya na hakuna kitakachoungua.

---

Sato_Mkavu

Waya tunanunua au tunaunga wenyewe? Bei za XLR nzuri hapa mjini ni kilio.

---

Gunia_la_Waya

Unga mwenyewe. Nunua waya kwa mita, vichwa, risasi, pasi ya kuchomelea na mita ya kupimia. Ukifungua kichwa cha XLR utaona 1, 2, 3 zimeandikwa kwa herufi za kutafuta kwa tochi ya simu. Nyuzi zile za kinga zisokote vizuri ziende 1, asibaki hata uzi mmoja unaozurura kugusa 2. Kabla hujafunga, tia mita upande wa pili: 1 kwa 1, 2 kwa 2, 3 kwa 3, halafu hakikisha 1 haigusani na 2. Ukipishanisha 2 na 3 waya unafanya kazi, lakini maiki mbili kwenye ngoma moja zitaanza kulana besi na hutajua kwa nini.

Waya wa spika usio na kinga usiufanye wa maiki, na wa gitaa usiupeleke kwenye spika yenye ampu ya nje. Mwembamba ule unapata moto.

Na sisi wa ziwani tuna letu. Unyevunyevu unaotoka ziwani unafubaza vichwa, jeki inakuwa nyeusi na kuanza kukwaruza. Spiriti safi na kitambaa, kila baada ya muda. Na zile siku wadudu wa ziwani wanapokuja kama moshi kufuata taa, funika mikisa. Nilifungua yangu nikakuta wamelala chini ya feda, vile vitelezi vya sauti, kama chumvi.

---

Prodyuza_Chumbani

Wakuu naomba msaada wa haraka. Nimefuata yote ya ADAT. Menyu ADAT pande zote, masta mmoja, kHz 48. Waya mpya kabisa kutoka kwenye pakiti. Taa ya kusawazisha saa haiwaki, chaneli nane kimya.

---

Gunia_la_Waya

Waya mpya? Chomoa ncha zote mbili, ziangalie. Kuna kofia ndogo ya plastiki angavu pale mbele?

---

Prodyuza_Chumbani

...

Ipo. Pande zote mbili. Nilikuwa nasukuma kwa nguvu nadhani tundu ni gumu.

Taa imewaka. Chaneli zote nane zinacheza. Naomba moderata afute komenti yangu.

---

Gunia_la_Waya

Haifutwi hiyo. Kofia zihifadhi, utazihitaji ukihama.